Mashine ya kusaga isiyosaga unga: namna ya kuandaa mashine ndogo ya kuchonga maandishi

Mzee mmoja alisimama kwenye mlango wa karakana yangu hapa Majengo, Moshi, akaiangalia mashine iliyokuwa mezani bila kusema neno. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja: "Hii ndiyo mashine ya kusaga wanayoisema vijana? Inasaga ulezi?" Mkononi alikuwa na kifuko cha ulezi wa mbege. Nikamwambia, hapana babu, hii inasaga mbao. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mbao ukishaisaga unampikia nani?"

Kosa halikuwa lake. Kwa Kiingereza neno moja, "mill", linabeba kinu cha nafaka na mashine ya karakana, na programu za kutafsiri za kwenye simu hazina habari za mbege. Kijana akiagiza mtandaoni anasomewa "mashine ndogo ya kusaga", naye analileta jina hilo mtaani kama lilivyo.

Kuna mkanganyiko wa pili, nao una hasara ya pesa. Ukitembea Arusha kutoka Mnara wa Saa kushuka mpaka Kilombero, au ukizunguka Moshi mjini, utaona vibao vya "tunachonga kwa CNC", yaani kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Nyuma ya kibao kimoja kuna leza, nyuma ya kingine kuna plota ya kukata stika, na nyuma ya kingine ndiyo kuna mashine yenyewe. Mteja anaagiza maandishi yaliyozama kwenye mninga, anapewa maandishi yaliyoungua juu ya mninga. Na wanaotaka kununua ya kwao wameshaaminishwa kwamba ukichomeka waya na kubonyeza kitufe, inachonga yenyewe. Ninapigiwa simu na watu hao kila mara, tena wakiwa wameshalipa.

Majina kwanza

Mashine ninayoizungumzia ni mota ndogo inayozungusha kwa kasi biti kali, ile ncha ya kukatia, ikiwa imebebwa na fremu inayoisogeza pande tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Pande hizo zinaitwa mihimili, na kila mmoja una herufi yake: X, Y na Z. Biti inazunguka, mali, yaani kile kinachochongwa, imetulia, na kila inachogusa inakila. Kwenye mashine ya kukereza miguu ya viti ni kinyume chake: mti unazunguka, patasi imetulia. Leza haina biti, inachoma kwa mwanga. Plota ya stika inaburuta kisu tu. Printa ya 3D haikati chochote, inajenga kwa kuongeza plastiki tabaka juu ya tabaka. Mashine yetu, leza, plota na printa zinafanana kwa sababu mota zake za kusogeza ni za aina moja na zote zinaelekezwa na kompyuta. Ufanano unaishia hapo.

CNC maana yake ni kuongozwa kwa namba kupitia kompyuta. Si aina ya mashine, ni namna ya kuiamuru. Mashine ya kwanza kuongozwa kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, ikisoma mkanda wa karatasi wenye matundu. Zile ndogo zinazouzwa sasa, maarufu zaidi ikiitwa 3018, zimepewa jina kwa vipimo vya eneo lao la kazi: sentimita 30 kwa 18. Hilo ni eneo la karatasi ya A4 iliyopunguzwa ubavuni. Ukiambiwa mashine hiyo itachonga mlango, muulize muuzaji mlango wa nini.

Lugha inayoelewa mashine ni mistari ya herufi na namba. Mafundi tunaiita jikodi, na haihusiani na kodi ya mamlaka yoyote. Mstari unaweza kusema G1 X50 Y20 F300, yaani nenda kwa mstari mnyoofu mpaka milimita 50 kulia na 20 mbele, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Kwenye bodi ya umeme ya mashine mara nyingi kuna programu ya bure inayoitwa GRBL. Hiyo ndiyo inayosoma mistari na kuizungusha mota.

Bodaboda aliyefungwa macho

Namna bora niliyopata ya kuieleza mashine hii ni dereva wa bodaboda aliyefungwa kitambaa machoni. Ni mtiifu kuliko dereva yeyote utakayempata Arusha. Ukimwambia nenda mita mia mbili, pinda kushoto, nenda mita hamsini, atafanya hivyo kamili. Lakini haoni. Kama maelekezo yako yanaanzia Mnara wa Saa, na yeye amesimama Kilombero, atapinda kila ulipomwambia pinda na mwisho ataingia kwenye kibanda cha mtu. Hatakuuliza kitu njiani.

Hapo alipotakiwa kusimama kabla ya kuanza ndipo tunapopaita ziro. Wanaoanza wanahangaika na programu za kuchorea wiki nzima na ziro wanaipa sekunde kumi. Mimi naona ilipaswa kuwa kinyume.

Ziro ya X na Y ni rahisi. Chagua kona ya mali yako, kwa kawaida ya kushoto iliyo karibu nawe, peleka ncha ya biti juu yake, iambie programu "hapa ndipo ziro". Ukikosea nusu milimita, kibao kitakuwa kimehama nusu milimita. Hakuna atakayejua.

Ziro ya Z, ile ya juu na chini, haina msamaha wa namna hiyo. Herufi za kibao cha ofisi huzama milimita 0.2 hivi kwenye plastiki ya rangi mbili. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa hiyo kina chote cha kazi yako ni karatasi mbili zilizolaliana. Zipapase kwa vidole uone ninachosema.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo kipimo chetu. Iweke juu ya mali, shusha biti kidogo kidogo, hatua ya milimita 0.05 kila mara, huku ukiivuta na kuisukuma karatasi kwa kidole. Mota ya biti iwe imezimwa. Mwanzo karatasi inateleza bure. Kisha inafika hatua inakwaruza, inasita, kama noti iliyobanwa kwenye pochi iliyojaa. Simama hapo hapo. Ncha sasa iko milimita 0.1 juu ya mali, kwa hiyo iambie mashine kwamba Z ni 0.1. Wengi huandika 0, halafu wanashangaa maandishi yamefifia. Wametupa nusu ya kina chao chote kwa sababu ya karatasi waliyoisahau kuihesabu.

Meza kuwa bapa

Hapa ndipo pesa ya watu inapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme umepata ziro safi kwenye kona ya kushoto. Kama mali yako imeinuka milimita 0.2 upande wa kulia, herufi za kulia zitazama milimita 0.4. Kama imeshuka kiasi hicho hicho, herufi za kulia hazitakuwepo kabisa, biti itakuwa inapiga hewa. Jicho haliioni milimita 0.2, na pima maji ya fundi ujenzi nayo haiioni.

Mwaka jana nilichonga kibao cha duka la mtu wa King'ori. Niliibandika plastiki kwa tepu ya pande mbili, na kwenye kona ya kulia tepu ikajikunja, zikawa tabaka tatu badala ya moja. Sikuliona hilo. Neno lilianza vizuri, K nyembamba na safi, na kadiri lilivyokwenda kulia herufi zikanenepa. Ile alama ndogo baada ya "ng" ikamezwa na herufi ya jirani. Mteja akakishika kibao, akakitazama, akanirudishia. "Kaka, mimi natoka King'ori. Huyu Kingori simjui." Nilichonga upya kwa gharama yangu.

Dawa yake haimo kwenye kuinunua mashine ghali. Chukua ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ufunge juu ya meza ya mashine kwa boliti, vichwa vikiwa vimezama ndani ya ubao. Weka biti pana yenye chini bapa. Iamuru mashine ipite juu ya ubao wote, mstari kwa mstari kama anayelima sesa, ikila milimita 0.3 tu. Sehemu zilizokuwa juu zitaliwa zaidi, zilizokuwa chini hazitaguswa. Rudia mpaka ubao wote uwe umeguswa.

Fikiria fundi wa plasta na ule ubao mrefu wa kusawazishia. Ukuta wa tofali umepinda, lakini ubao ukishapita juu ya udongo mbichi, uso unafuata ubao, haufuati tofali. Hapa pia, uso wa MDF unafuata mwendo wa biti yenyewe. Hata kama mashine imesimama kwenye meza iliyoinamia upande, haijalishi. Tunachotaka ni meza na biti vikubaliane. Habari ya sakafu haituhusu.

Kuna anayesema programu kama Candle inaweza kuigusa mali kwenye pointi nyingi, ikachora ramani ya mabonde na vilima, kisha ikapandisha na kushusha biti kuvifuata. Ni kweli, na kwa mali ya chuma ni jambo zuri sana: unafunga waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye bati, vikigusana umeme unapita na mashine inajua imefika. Ila isiwe kisingizio cha kuiacha meza ikiwa na matuta.

Kunyoosha fremu na spindo

Mashine nyingi zinakuja kwenye boksi zikiwa vipande, unazifunga mwenyewe. Zifungie juu ya kioo kinene au kigae kikubwa kilichonyooka. Bonyeza kona moja moja. Ikicheza kama stuli ya miguu mitatu na nusu, legeza boliti, bonyeza zote zikae, kaza tena.

Ili kujua kama X na Y zimekaa pembe mraba, tumia ile tatu-nne-tano ya mafundi wa msingi wa nyumba. Funga biti kali, toboa vitundu vitatu vidogo kwenye ubao: kimoja kwenye ziro, cha pili milimita 120 kulia, cha tatu milimita 90 mbele ya ziro. Kutoka cha pili mpaka cha tatu lazima iwe 150. Ikiwa 151, pembe imefunguka, legeza na usogeze. Jaribio hili linakupa faida ya pili bila gharama: kama ile 120 yenyewe imetoka 60 au 240, basi kuna namba kwenye bodi haiendani na skrubu za mashine yako. Hesabu yake ni nyepesi. Mota yenye hatua 200 kwa mzunguko, bodi ikigawa kila hatua mara 8, na skrubu ikisogea milimita 2 kwa mzunguko, ni hatua 1600 kwa milimita 2, yaani 800 kwa milimita. Lakini ikitoka 120.2, tafadhali usiguse kitu. Kuna uwezekano mkubwa rula yako ndiyo inayodanganya.

Spindo, yaani ile mota inayoshika biti, nayo inatakiwa isimame wima kabisa juu ya meza. Sina kifaa cha bei mbaya cha kupimia. Nina spoku ya baiskeli niliyoikunja kama herufi Z. Upande mmoja unaingia kwenye koleti, ile shingo inayobana biti, na upande wa pili unagusa meza sentimita nane kutoka katikati. Kwa mkono, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, zungusha polepole. Weka karatasi chini ya ncha ya spoku mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ikibana sawa kote, spindo imesimama. Ikibana mbele na kulegea nyuma, kata kipande cha kopo la soda, kisukume nyuma ya boliti za juu au za chini za kishikio, jaribu tena. Ukishamaliza kunyoosha spindo, isawazishe meza ya MDF upya, kwa sababu ile ya kwanza ilisawazishwa na spindo iliyopinda.

Na pley. Shika kishikio cha spindo, kisukume na kukivuta kidogo. Ukisikia kinagonga bila skrubu kuzunguka, hiyo ndiyo pley, na dalili yake kwenye kazi ni herufi O inayotoka na mabega bapa, kama yai lililogongwa. Nati za shaba zenye springi huipunguza. Kukaza kila boliti kwa nguvu zako zote hakuipunguzi, kutakuvunjia nyuzi za alumini.

Biti, na hesabu moja tu

Biti ya kuchongea maandishi ina umbo la V, kama paa la nyumba lililogeuzwa. Kadiri inavyozama, ndivyo mstari unavyopanuka. Ndiyo sababu nimekazania ubapa namna hii: ukikosea kina, unene wa herufi unakosewa pia.

Chukua biti yenye pembe ya nyuzi 30 na ncha ya milimita 0.1. Ikizama 0.2 inachora mstari wa milimita 0.21. Ikizama 0.4, mstari unakuwa 0.31. Sasa chukua ya nyuzi 60: kwa 0.2 unapata 0.33, kwa 0.4 unapata 0.56. Unaona ya pili inavyokimbia? Biti pana ina ncha imara na haivunjiki ovyo, lakini kila kosa la meza inalipigia tarumbeta. Ya nyuzi 90 ndiyo ya kukumbukwa kirahisi: upana ni mara mbili ya kina, ukiacha unene wa ncha. Kwa vibao vya majina vyenye herufi ndogo mimi naanza na 30. Kwa mabango ya mbao yanayosomwa kutoka barabarani, 60 au 90.

Biti hizi ni za kabaidi, kitu kigumu kama jiwe na chenye kuvunjika kama kioo. Ikidondoka sakafuni, ichunguze kwa kamera ya simu kabla ya kuirudisha. Ncha iliyokatika haionekani kwa macho, lakini inang'oa nyuzi za mbao badala ya kuzikata.

Sasa mwendo, na hapa kuna imani moja lazima niipinge: kwamba kwenda polepole ndiyo usalama. Umewahi kukuna nazi kwenye mbuzi? Ukiigusisha tu nazi bila kuibonyeza, meno yanateleza, kifuu kinapata moto, tui huna. Meno yanataka kitu cha kula. Biti nayo iko hivyo. Ikipita polepole mno huku inazunguka mara 10,000 kwa dakika, haikati, inasugua. Mbao inaungua na kuwa nyeusi, akriliki inayeyuka na kuganda kwenye biti. Hesabu yenyewe: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara unene wa kila pumba. Biti ya jino moja, mizunguko 10,000, pumba ya milimita 0.03, ni mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Anzia hapo, na uangalie kinachodondoka. Ukiona pumba ndogo ndogo, uko sawa. Ukiona vumbi kama poda, ongeza mwendo au punguza mizunguko. Ukisikia mota inalalamika, punguza kina kabla ya kupunguza mwendo.

Mali za kwetu

Mpingo ndiyo mfalme. Ni mzito kiasi kwamba moyo wake huzama majini, na nyuzi zake zimebanana hivyo unachora herufi ya milimita tatu ikasomeka. Lakini unakula biti, na tangu 2017 umo kwenye orodha ya CITES ya biashara ya kimataifa inayodhibitiwa, kwa hiyo mtalii akitaka mzigo wa jumla, muulizie vibali kabla hujapokea malipo ya awali. Mninga ni rafiki wa kila mtu. Mgrevilea, ule tunaoupanda kwenye vihamba kati ya kahawa na migomba, ni wa bei nafuu na mbao yake ina michoro mizuri, ila herufi ndogo zinabanduka pembeni. Uupake vanishi kabla ya kuchonga, ikauke, nyuzi zitashikana, kisha ndipo uchonge. Mpaini uliojikunja usiubishie, urudishe dukani.

Alumini inawezekana kwa kina kidogo sana kila pito, na tone la mafuta ya taa lililopakwa kwa brashi ili isigandie biti. Tone, si kumwagia: mota hizi ndogo zina brashi za kaboni ndani, nazo hutoa cheche. Bati la shaba la vikombe na medali mimi silichongi kwa biti inayozunguka. Ninaweka ncha ya almasi yenye springi, nazima spindo, na mashine inalikwaruza kama kalamu. Maandishi yanatoka yaking'aa, na ile springi inameza makosa yote ya ubapa. Chuma cha pua, hapana. Marumaru ya kaburi, ambayo huulizwa sana uchagani, pia hapana: hiyo ni kazi ya ncha za almasi, maji, na mashine nzito zaidi.

Mashine nyingi zinauzwa na kichwa kidogo cha leza cha kubadilishia. Kama unacho, jua jambo moja tu: usichome PVC kwa leza hata siku moja. Inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo inakula mapafu yako kwanza na skrubu za mashine baadaye.

Vumbi la mbao nalo si la kuchezea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO linaliweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Vaa barakoa na miwani. Kanga, shuka na mikono mirefu inayoning'inia vikae mbali na spindo.

Mbona herufi zangu zina mistari miwili?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote baada ya mtu kuishika mashine wiki moja. Fonti za kawaida za kompyuta ni uzio. Herufi I kwenye kompyuta ni kiwanja chembamba chenye mpaka kuzunguka, na printa inajaza wino ndani. Mashine ya kuchonga haijazi kitu, inatembea juu ya mpaka, kwa hiyo unapata I yenye kuta mbili na uwazi katikati. Unachohitaji kwa maandishi madogo ni fonti ya mstari mmoja, ambayo ni njia, si uzio. Programu ya bure ya Inkscape ina fonti hizo, zikiitwa Hershey, zilizotengenezwa na Allen Hershey miaka ya 1960 akifanya kazi katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Kwa herufi kubwa zenye unene unaobadilika, programu kama F-Engrave inaipitisha biti ya V katikati ya uzio, ikizama zaidi pale kiwanja kinapopanuka.

Ukihifadhi faili, hakikisha ni kwa milimita. G21 ni milimita, G20 ni inchi. Faili ya inchi ikiingia kwenye mashine ya milimita kimakosa, au kinyume chake, kila kitu kinabadilika mara 25.4. Niliwahi kumwona kijana akiduwaa mbele ya mashine iliyochonga jina lake lote ndani ya eneo la punje ya mchele.

Umeme

Weka mashine kwenye soketi yake yenye waya wa ardhi, mbali na ekstensheni ya grinda. Jirani yangu anachomelea mageti. Akigusisha tu ile waya yake, kebo ya USB inapokea kelele ya umeme, kompyuta inapoteza mawasiliano, na mashine inasimama katikati ya herufi. Kebo fupi yenye kinga ilipunguza tatizo. Kuelewana naye kuhusu saa za kazi ndiko kulikolimaliza. Laptopu nayo izuiwe isilale, maana ikilala inalala na kazi yako.

Umeme ukikatika kabisa, mashine inasahau iliko. Hapo utaipenda kona: pigilia vipande viwili vya mbao kwenye MDF vikutane kwa pembe, mali iwe inaegemea hapo daima, na ziro yako iwe pale pale. Umeme ukirudi, unatafuta ziro upya kwa karatasi na kuendelea, huhitaji kukisia.

Yule mzee wa ulezi alirudi baada ya miezi miwili. Mwanawe ana mashine ya kusaga, ile ya kweli, huko njia ya Machame, na alitaka kibao. Nilimchongea kwenye mgrevilea, biti ya nyuzi 60, kina cha milimita mbili kwa mapito manne: MASHINE YA KUSAGA. Nikamwambia aniachie siku moja nipake rangi nyeupe ndani ya herufi. Akakataa, gari lilikuwa linamsubiri. Nilipopita kwao hivi karibuni kibao kilikuwa juu ya mlango, na herufi zote zilikuwa zimejaa unga, nyeupe pe, zinasomeka mpaka ng'ambo ya barabara.